Mkate wa mayai: wa hotelini unakuwaje laini ndani bila kulowa?

#1 Kaango_la_Lanet
Wadau, habari za Jumapili. Nina swali moja na dai moja.

Swali: ule mkate wa mayai mnene, wenye ndizi na asali juu, unaouzwa kwenye mikahawa ya hapa Nakuru mjini, wanaupikaje? Nikipika nyumbani nje unashika rangi haraka, nikiukata katikati unatoka umajimaji wa yai bichi. Nikipunguza moto unakunywa mafuta yote. Natumia mkate wa slesi wa dukani wa gramu 400, mayai manne, kikombe cha maziwa freshi, sukari vijiko vitatu, mdalasini, meko ya gesi na kikaango kisichoshika.

Dai: mkate wetu wa dukani haufai kwa kazi hii. Ni laini mno, hewa tupu. Anayebisha abishe.

#2 Chai_ya_Rangi
Mayai manne na kikombe kizima cha maziwa, hicho ni kiamshakinywa au ni harusi? Sisi huku Rhonda tunachovya mkate kwa chai na siku inaenda.

#3 Mpishi_Mstaafu
Dai lako lina ukweli nusu. Nimefanya kazi jikoni mwa hoteli Kisumu miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Maseno, na slesi zilizokatwa tayari hatukuzigusa kwa hii kazi. Tulikuwa tunaagiza mkate mzima, tunaukata wenyewe unene wa sentimita mbili na nusu hivi, tunaupanga juu ya wavu wa waya usiku kucha bila kufunika. Asubuhi ukiupitisha kidole uso unakwaruza, lakini ukiubonyeza bado unarudi. Huo ndio mkate wa kazi.

Mchanganyiko: yai moja kwa robo kikombe cha maziwa, yaani mililita 60. Chumvi ya kubana na vidole viwili. Sukari kidogo sana. Chapa, halafu uchuje kwa kichujio cha chai. Wengi hawachuji. Ule ute usiovunjika ndio unaoning'inia pembeni ya mkate kama kamba nyeupe, na ndio unaoungua wa kwanza. Mdalasini nao usiumwage juu ya maziwa, utaelea na kufanya mabonge. Uchanganye kwanza na sukari kavu, ndipo uingie.

Mkate mnene ulale humo dakika mbili au tatu kila upande. Slesi ya dukani ni kuchovya na kutoa. Moto wa wastani unaoelekea chini, dakika tatu mpaka nne kila upande, kisha oveni nyuzi 180 kwa dakika kama nane. Kikaango ni cha rangi tu. Kuiva ni kazi ya oveni.

#4 Kasuku_wa_Kondele
Mzee umeanza vizuri, umefika kwenye oveni ukatuacha stejini. Wenye oveni humu mko wangapi?

#5 Bungoma_Kusini
Mimi naona shida ni mwinuko wa Nakuru. Shemeji yangu alihamishwa kazi kutoka Mombasa akaletwa huko, maharagwe yakamshinda kuiva. Maji yanachemka mapema huko juu kabla hayajapata joto la kutosha. Sasa kama maharagwe yanakataa, yai ndani ya mkate litaivaje? Dada, njoo upikie Kisumu uone tofauti.

#6 Mwalimu_Njoro
@Bungoma_Kusini maharagwe ni kweli, yai si kweli. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 94. Kisumu ni mita 1,130 hivi, nyuzi 96. Sasa ute wa yai unaanza kushika kwenye nyuzi 62 hivi, kiini kati ya 65 na 70. Ukitia maziwa na sukari, kushika kunasukumwa mbele mpaka 80 na kitu. Bado hujafika 94. Nakuru tuiachilie huru.

Mshtakiwa wangu ni sukari. Vijiko vitatu ndani ya mayai manne vinafanya mambo mawili kwa pamoja: vinachelewesha yai kushika ndani, na vinaungua mapema usoni. Ukiona nje umekuwa kahawia unadhani umeiva, unageuza. Sukari iwekwe mezani, kila mtu ajimwagie.

#7 Mama_Trei
Watu wanaongea nyuzi na mita, hakuna aliyeuliza mayai ni yapi. Mimi nauza mayai Bahati, ya gredi (ya kuku wa kisasa) na ya kienyeji. Yai la kienyeji ni dogo. Hizi resipe za mtandaoni zimeandikwa kwa mayai makubwa ya kwao, ya gramu 57 hivi na ganda lake. Ukihesabu manne ya kienyeji umepata kama matatu ya gredi. Kikombe cha maziwa kinabaki kilekile. Kwa hivyo unapika maziwa yenye harufu ya yai, yatashika saa ngapi?

Dada, ni yapi?

#8 Kaango_la_Lanet
Asanteni. Mama Trei, ni ya kienyeji, mama mkwe hutuletea akija. Na sukari ni vijiko vya mezani, Mwalimu usinitoe darasani.

Lakini kuna kitu hakikubaliani na nyinyi wawili. Wiki jana dada yangu alipika kwake Section 58 kwa mayai ya gredi na bila sukari hata chembe. Mkate wa duka lilelile. Katikati bado ulilowa. Hapo mnasemaje?

#9 Dada_Milimani
Tunasema mkate ulikuwa wa siku hiyohiyo. Nunua mkate, uache jikoni siku mbili ndani ya karatasi yake, utumie wa tatu. Hata mama yangu alikuwa hapiki huu wa mayai mpaka mkate uwe umelala. Ikiwa una haraka uweke kwenye friji usiku mmoja.

#10 Mwalimu_Njoro
@Dada_Milimani hapo nakubishia kidogo. Mkate uliolala ndani ya nailoni haujakauka. Umekuwa mgumu, ndiyo, lakini maji yake mengi bado yamo. Kinachoufanya mgumu ni wanga kujipanga upya baada ya mkate kupoa, na kwenye friji hilo linatokea haraka zaidi kuliko mezani. Ndiyo maana mkate wa friji unakuwa mgumu ukiwa bado na unyevu. Unachotaka ni ule wa Mzee Mpishi: uliokatwa, uko wazi, hewa inapita juu na chini. Au uukaushe kwa joto la chini dakika kumi hivi.

#11 Dada_Milimani
Mwalimu, mkate wa mama yangu haukuwahi kulowa. Weka hilo kwenye ubao.

#12 Chai_ya_Rangi
Mkate unalala siku mbili ndani ya nyumba yenye watoto? Dada Milimani huyo mkate mnaulinda na askari?

#13 Jathurwa
Omera, mnaruka mafuta. Mtu akisema anapunguza moto mkate unakunywa mafuta, hapo ameshajieleza. Majarini za kupaka zina maji ndani yake. Ukiitia kwenye kikaango inachemka kwanza, inapiga kelele na kurukaruka. Hayo ni maji yanatoka. Ukiweka mkate wakati huo, unauchemsha. Subiri kelele iishe.

Siagi nayo ina chembe za maziwa zinazoungua kwenye nyuzi 150 hivi. Mkate wa kwanza unatoka mzuri, wa pili una madoa meusi, wa tatu unanuka moshi. Mimi natumia samli, mo dhiang' kutoka nyumbani Seme, inavumilia moto kuliko siagi na ina harufu yake. Kijiko kimoja kwa slesi mbili. Kikaango nakipangusa kila baada ya raundi.

#14 Dada_Milimani
Si unachanganya tu siagi na mafuta ya kupikia? Yale mafuta yanaizuia siagi kuungua.

#15 Mpishi_Mstaafu
@Dada_Milimani hayaizuii. Tulifundishwa hivyo sisi wote jikoni, lakini zile chembe za maziwa zinaungua kwa joto lilelile, uziweke na mafuta au bila. Kinachobadilika ni kwamba ziko chache kikaangoni, madoa yanapungua. Jathurwa yuko sawa kuhusu samli. Ila samli yenye moshi wa kibuyu uitumie kwa kiasi, ndizi na asali vitapigana nayo.

#16 Jathurwa
Havijawahi kupigana kwangu. Vinakaa kama ndugu.

#17 Sukari_Nguru
Niko upande wa Malava. Naona watu wanazungumzia kilicho ndani, na hakuna aliyefika kwa kile cha juu, na ndicho kinachofanya mkate wa mayai uitwe raha. Asali ni sawa, hasa ile ya Baringo ya kando ya barabara ya Marigat. Lakini jaribuni shira ya sukari nguru.

Chukua bonge kiasi cha ngumi, livunje kwa mchi, tia maji nusu kikombe, moto mdogo. Likianza kuyeyuka litatoa povu la kijivu lenye vijinyuzi vya miwa na wakati mwingine vumbi la safarini. Usilikoroge ukalirudisha chini. Liengue kwa kijiko mpaka lije jeupe. Chuja kwa kitambaa safi, rudisha motoni, acha lichemke polepole. Dondosha tone kwenye sahani baridi, uinamishe. Likikimbia bado. Likitambaa, zima, maana likipoa litakuwa zito zaidi ya unavyoliona. Mwishoni tia tangawizi iliyokunwa na limau nusu, itakata ule utamu wa kukwama kooni.

Ndizi: za Kisii, zilizoiva mpaka ganda lina madoa. Zipasue kwa urefu, zilaze kwenye siagi upande uliopasuliwa ukiwa chini, nyunyiza sukari nguru kidogo, usiziguse. Ukizigusagusa zinakuwa uji. Zikiacha kung'ang'ania kikaango zenyewe ndipo ugeuze. Juu yake njugu karanga zilizokaangwa na kupondwa nusunusu. Na chumvi. Msisahau chumvi.

#18 Kasuku_wa_Kondele
Hapa sasa uzi umeanza. Binamu yangu alituletea kutoka Marekani chupa ya ile shira ya mti wa maple. Ndogo, bei yake ningenunua gunia la miwa. Sukari Nguru, hii yako inaikaribia?

#19 Mwalimu_Njoro
Bei ina sababu. Inatoka kwenye utomvu wa mti, na utomvu wenyewe ni maji matupu yenye utamu kidogo. Inachemshwa kama lita 40 za utomvu kupata lita moja. Nyingi duniani inatoka Quebec, Kanada. Zile za bei nafuu madukani mara nyingi ni sharubati ya mahindi yenye rangi na harufu. Soma lebo.

#20 Sukari_Nguru
@Kasuku haiikaribii na haihitaji kuikaribia. Hii ina ladha ya miwa iliyopigwa na moto. Onja kabla ya kulinganisha.

#21 Bungoma_Kusini
Swali la pembeni. Nilisoma mahali kwamba aliyevumbua hiki chakula, Wazungu wanakiita French toast, ni mwenye hoteli mmoja wa Marekani aliyeitwa Joseph French, mwaka 1724, akakipa jina lake ila akasahau kuliandika vizuri. Kweli?

#22 Mwalimu_Njoro
Hadithi tamu, ushahidi hauna. Kitabu cha mapishi cha Uingereza cha 1660 tayari kina tosti za jina hilo, tena bila yai: mkate uliochomwa ukaloweshwa kwenye divai na sukari na maji ya chungwa. Na Warumi kabla yao walikuwa na mkate uliochovywa kwenye maziwa, ukakaangwa kwa mafuta, ukamwagiwa asali. Mkate mgumu umesumbua binadamu siku nyingi.

#23 Chai_ya_Rangi
Kumbe mkate wa kuchovya kwenye kinywaji ni wa zamani kuliko yai. Rhonda tumeshinda. Endeleeni.

#24 Mama_Kakamega
Hodi humu. Nimeona swali la oveni halijajibiwa. Sisi tuliopika keki kwa sufuria na makaa hatuna shida. Weka mchanga au mawe madogo chini ya sufuria kubwa, ipashe moto, ndani weka sahani ya bati yenye mkate uliokwisha kupata rangi, funika, panga makaa machache juu ya mfuniko. Machache. Ukijaza unachoma juu. Dakika kumi unafunua, mkate umefura na ukiubonyeza katikati haurudishi maji.

Kwa watoto wengi au wageni wa Krismasi nafanya hivi: usiku napanga mkate kwenye trei, namwaga mayai na maziwa juu, naweka kwenye friji. Asubuhi naingiza kwa makaa chini na juu kwa dakika 40 hivi. Mtu mmoja hasimami kikaangoni wengine wakila. Ila friji ni lazima. Mayai na maziwa mabichi usiyaache mezani usiku kucha, hasa ninyi wa Kisumu na joto lenu.

#25 Jathurwa
Joto letu linatajwa kila uzi. Mama, asante kwa makaa juu ya mfuniko, nilikuwa nimeyasahau kabisa.

#26 Fundi_wa_Meko
Yote hayo ni safari ndefu. Ukiwa na gesi tu, fanya hivi: rangi ikishika pande zote mbili, moto chini kabisa, funika kikaango dakika nne. Kwisha.

#27 Mpishi_Mstaafu
@Fundi ukifunika, mvuke unarudi kwenye mkate na ile ngozi ya nje inalegea. Utaiva, sikatai, lakini utakuwa umepoteza kile kilichokufanya uukaange.

#28 Fundi_wa_Meko
Mzee, funua dakika moja ya mwisho, ongeza moto, ngozi inarudi. Na ukitaka ikae zaidi, tia kijiko cha unga wa ngano kwenye mayai.

#29 Dada_Milimani
Unga? Sasa hiyo si chapati ya maji iliyofungia mkate ndani?

#30 Mpishi_Mstaafu
Hapo Fundi hajakosea. Jikoni kwetu tulikuwa tunatia kidogo siku za watu wengi, mkate ukae mezani bila kunywea. Kijiko kimoja kwa mayai manne, kipite kichujio pia. Zaidi ya hapo Dada Milimani anakuwa sahihi.

#31 Bungoma_Kusini
Na maziwa je? Mleta uzi anasema freshi. Hao ng'ombe wa Nakuru wengi ni Friesian, maziwa mengi lakini mafuta kama asilimia tatu na nusu. Sisi jirani ana Jersey, inakaribia tano. Ukitumia ya Jersey mkate unajaa kinywani bila krimu.

#32 Mama_Trei
Bungoma, ulikuja na mwinuko, sasa umekuja na ng'ombe. Nakuru imekukosea nini?

#33 Bungoma_Kusini
Shemeji yangu bado hajarudishiwa maharagwe yake.

#34 Afya_Kwanza
Samahani kwa kuwaharibia raha. Kuna sukari ndani, shira juu, ndizi mbivu juu ya shira, samli chini. Baba yangu ana kisukari na hivi ndivyo tulivyokuwa tunakula kila Jumapili. Sisemi msile. Nasema kwa nyumba yenye mgonjwa, Mwalimu yuko sawa: utamu uwe mezani, si ndani. Baba tunampa slesi moja ya mkate wa ngano nzima, yai na mdalasini, parachichi pembeni.

#35 Chai_ya_Rangi
Hii umenyamazisha hata mimi. Pole kwa mzee, na parachichi ni wazo zuri.

#36 Kaango_la_Lanet
Nimerudi. Leo nimepata mkate mzima bekari moja karibu na stendi, nimeukata mnene, umelala nje ya karatasi usiku kucha. Mayai ya gredi, nimechuja, sukari nje, samli, moto wa chini, nimefunika dakika nne halafu nikafunua. Juu shira ya sukari nguru na ndizi, na tangawizi kama alivyosema wa Malava. Umeiva mpaka katikati, laini, haukulowa. Mume wangu ameuliza kama tuna wageni.

Kasoro moja: pembeni, kwenye ganda la mkate, pamebaki pakavu. Yai halikuingia.

#37 Mwalimu_Njoro
Hongera. Lakini umebadilisha mkate, mayai, sukari, mafuta, moto na mfuniko kwa siku moja. Sasa hatujui nani ameshinda kesi.

#38 Mama_Trei
Mayai ya gredi. Imeandikwa hapo wazi.

#39 Dada_Milimani
Mkate uliolala. Imeandikwa hapo wazi.

#40 Jathurwa
Samli.

#41 Fundi_wa_Meko
Amefunika dakika nne. Mimi sisemi kitu.

#42 Mpishi_Mstaafu
Kuhusu ganda: usimame mkate kwa ubavu ndani ya bakuli, uuzungushe pande zote nne sekunde chache kabla ya kuulaza. Au kata ganda, ukaushe, uponde, uwe na makombo ya kukaangia samaki. Ngege wa kutoka Dunga anayapenda sana.

#43 Kasuku_wa_Kondele
Mzee umetoka kwenye mkate wa mayai umetufikisha kwa samaki, na mimi sina neno. Swali la mwisho: huku Kisumu mkate mzima usiokatwa unapatikana wapi? Supamaketi yetu inaleta slesi tupu.

#44 Mpishi_Mstaafu
Usiende supamaketi. Nenda bekari yenyewe asubuhi mapema, kabla hawajapitisha kwenye mashine ya kukata, umwombe akuachie mmoja. Ukizoeana naye atakuwekea. Mwambie akupe wa jana kama umebaki, ni rahisi na kwa kazi hii ni bora.

#45 Mama_Trei
Na mayai yapo Bahati, trei ya 30, tunatuma hadi Kisumu kwa basi. Admini usifute, nimejibu swali.